Namba ya Mume Wangu Ukutani

Jumatatu, 6 Mei

Muhula umefunguliwa leo, na mimi nimefungua daftari hili kwa sababu nina furaha nyingi kuliko watu wa kuwasimulia. Wifi yangu amenikataza kumtaja kaka yake mbele yake kabla hajamaliza chai ya asubuhi. "Kwani wewe ndiye wa kwanza kuolewa duniani?" ananiuliza. Basi nitaliambia daftari.

Mume wangu! Nimeyaandika maneno hayo nione yanavyokaa kwenye karatasi. Yanakaa vizuri. Mume wangu ni makamu mkuu wa shule ya sekondari. Ana sauti ya upole na shingo ndefu ambayo hakuna kola ya shati iliyowahi kuitendea haki, na asubuhi kabla ya kutoka hunifunika shuka taratibu kama mtu anayefunika mkate usipoe. Wanafunzi wanamwita Kengele kwa sababu hajawahi kuchelewa. Mimi namwita majina ambayo sitayaandika.

Fungate tumeliahirisha hadi likizo. Muhula huu Mkuu wa shule, mama mwenye miwani inayoning'inia kwa kamba, amemteua ahudhurie mafunzo ya viongozi wa shule kila Ijumaa mchana. Watafundishwa namna ya kutunza afya ya akili na ustawi wa shule nzima: wanafunzi, walimu, wapishi, walinzi, kila mtu. Mama mkwe aliposikia alinivuta jikoni.

"Mwanangu, huyo mumeo ni mtu wa kubeba. Ukimpa kikapu chako, ataomba na cha jirani. Na kikimuumiza hasemi. Wewe ndiye utakayemwangalia."

"Mama, mimi kumwangalia sichoki," nikasema, nikacheka.

Yeye hakucheka.

Ijumaa, 10 Mei

Amerudi kutoka mafunzoni anang'aa! Mkufunzi wao ni mama mnene mchangamfu, wameshambatiza Mama Pumua kwa sababu kila baada ya nusu saa anawaambia wavute pumzi. Mume wangu alinisimamisha jikoni, mikono mabegani mwangu, macho yangu yamefungwa. Vuta. Shikilia. Toa polepole. Nilidhani atanibusu. Kumbe alikuwa anahesabu kweli.

Vitunguu vimeungua. Tumekula ustawi.

Jumatano, 15 Mei

Mvua. Katika duka la mapazia ninakofanya kazi nimeuza pazia moja, na mteja amelirudisha jioni, eti dirisha lake limebadilika.

Ijumaa, 17 Mei

Somo la leo: wape watu wa shule mahali pa kusemea yaliyo moyoni. Kila kiongozi atafute njia ya shule yake. Amekula macho yakiwa darini. Nikamuuliza, "Unaniwaza mimi?" Akasema, "Nawaza ukuta."

Jumatatu, 20 Mei

Nimeujua ukuta.

Nilikuwa napita mbele ya shule kwenda kazini, mwavuli mkononi. Pembeni ya geti fundi rangi alikuwa anashuka kwenye ngazi. Ameandika kwa bluu: UNA MZIGO MOYONI? PIGA WAKATI WOWOTE. Chini yake namba ya simu, kila tarakimu ukubwa wa mbuzi.

Namba ya mume wangu. Si ya ofisi. Ni yake, ileile aliyoniandikia kwenye kiganja siku tuliyokutana, nikakaa wiki nzima naogopa kuipiga na naogopa kunawa. Leo inasomwa na wasukuma mikokoteni.

Nilimuuliza jioni: "Na wakati wowote ni wakati gani, mpenzi?"

"Wakati wowote."

Jumanne, 21 Mei

Wamepiga: mama anayetafuta sweta la mwanawe, kijana anayetaka jibu la swali la nne la hesabu, muuza magodoro, mwalimu wa kemia akimshitaki mwalimu wa baiolojia kuhusu feni, na bwana mmoja mwenye mzigo moyoni kwelikweli, timu yake imefungwa.

Alhamisi, 23 Mei

Leo tulikuwa tunakula, nimepika wali na samaki, nimevaa gauni la kijani ambalo mume wangu aliwahi kusema linamsahaulisha jina lake. Simu ikalia. Nikainua macho juu. Akatoka nayo hadi barazani.

Wali ukapoa. Nikamfuata nikiwa tayari na maneno yangu. Nikamkuta amechuchumaa gizani, mkono umeziba sikio la pili ili asikie vizuri, anasema taratibu, "Nipo. Sijaondoka. Ukitaka kulia, lia, mimi nipo." Alikuwa msichana wa kidato cha pili. Nyumbani kwao wazazi wanapigana, na alikuwa na mawazo ya kujidhuru. Mume wangu hakukata simu mpaka shangazi yake msichana alipofika na kumchukua, kisha akampigia mshauri wa shule, naye akakubali kwenda kumwona kesho mapema.

Nikayameza maneno yangu yote. Hayakuwa matamu. Nitawezaje kuikasirikia simu iliyofanya hivyo? Lakini saa ileile akapiga muuza magodoro tena.

Jumatano, 29 Mei

Sasa na mimi nimeajiriwa. Akiwa bafuni, napokea mimi. Amenifundisha maneno ya kuanzia: "Nakusikiliza. Sema polepole." Leo nimemsikiliza mzazi mmoja aliyesema polepole sana kwamba chakula cha shule hakina chumvi.

Jumatatu, 3 Juni

Shule imeagiza mapazia dukani kwetu, na kwa kuwa mimi ni mke wa Kengele, nimetumwa kupima. Ni ya Chumba cha Utulivu! Ndivyo walivyokiita chumba kilichokuwa stoo ya viti vibovu. Mwalimu au mwanafunzi akizidiwa, aingie, akae, apumue. Wazo zuri, nilijivuna hadi futikamba ikanitoka mkononi. Nimewachagulia kitambaa cha rangi ya majani machanga.

Tatizo ni kwamba chumba kinafungwa, viti visiibiwe. Ufunguo anao makamu mkuu. Ukizidiwa, unamtafuta makamu mkuu kwanza. Nikiwa napima dirisha, mwalimu wa kike alichungulia akaniuliza kama nimemwona. "Yuko darasani, anamshikia kipindi mwalimu aliyeumwa," nikasema. "Basi nitazidiwa kesho," akasema, akaenda zake.

Alhamisi, 6 Juni

Kuanzia leo kila Alhamisi, baada ya masomo, walimu wote wanabaki kwa kikao cha kupunguza msongo wa mawazo. Ni lazima. Mkuu amewafokea waliochelewa kwenye kikao cha kupunguza msongo. Mume wangu ndiye anayekiendesha. Amerudi sauti imekauka, ananieleza kwa ishara umuhimu wa kupumzika.

Jumapili, 9 Juni

Wifi alikuja kula. Kaka yake alisinzia kijiko kikiwa mdomoni.

"Kinyozi hajinyoi," wifi akanong'ona.

"Nimesikia," mume wangu akasema, akiwa amefumba macho. Kisha simu ikalia, akainuka kama aliyeungua.

Ijumaa, 14 Juni

Mama Pumua ametembelea shule yao. Mume wangu amenisimulia huku akicheka, na mimi sikuona kichekesho kilipo. Mama Pumua alisimama mbele ya ukuta muda mrefu.

"Hii namba ni ya nani?"

"Yangu," akasema kwa fahari.

"Na ukizidiwa wewe, unampigia nani?"

"Mimi sizidiwi, mama."

Basi akamwambia: "Mwalimu, niliwapa kazi ya kufanywa na shule nzima. Wewe umejifanya shule nzima."

"Si maneno mazuri hayo?" mume wangu akaniuliza. "Nitayatumia kwenye kikao cha Alhamisi."

Sikio la kufa.

Jumanne, 18 Juni

Mvua imekatika saa moja, ikarudi.

Jumatatu, 24 Juni

Nimepunguza suruali yake kiunoni kwa mara nyingine. Nashona mwenyewe, sipeleki kwa fundi, nisije nikaulizwa kama namlisha. Namlisha! Anakula matonge mawili, anasema ameshiba, anasimama dirishani kuangalia kama kuna mtu anakuja. Nimemuuliza kifua kinamuuma? "Hapana." Kichwa? "Kidogo." Umechoka? Akanibusu kwenye paji la uso na kusema mimi ni mzuri sana. Ni kweli, lakini sikuuliza hilo.

Jumamosi, 29 Juni

Tumegombana. Ugomvi wa kwanza wa ndoa yetu, nilidhani utakuwa kuhusu jambo kubwa zaidi. Nimemwambia awape walimu wengine nao wapokee simu. Akasema kila mmoja ana mzigo wake, hawezi kuwaongezea. Nikasema, "Na mzigo wako unaupeleka wapi?" Akasema hana mzigo. Nikasema, "Mimi je? Nipige namba gani ili nipate mume?"

Akaniangalia kwa huzuni ya kweli. Kisha akasema, "Nakusikiliza. Sema polepole."

Nimelala chumba cha wageni. Hatuna kitanda huko.

Alhamisi, 4 Julai

Nataka niandike yote.

Mvua ilianza alfajiri kama mtu anayemwaga mchanga juu ya bati. Maji yaliingia dukani, tajiri wangu akanipigia nisiende. Mume wangu alitoka mbio, akasahau simu kwenye chaji. Asubuhi nzima nikawa mimi ndiye mahali pa kusemea. Mpigaji wa kwanza alitaka kujua kama shule imefungwa kwa mvua. Wa pili pia. Wa tano nilimjibu kabla hajauliza.

Ilipolia tena nilikuwa namenya viazi. Namba ngeni. Nikaibana simu begani. "Nakusikiliza. Sema polepole."

Pumzi tu, fupifupi, kama za mtu aliyekimbia.

"Kama ni mchezo, mwanangu, leo sina nafasi."

"Ni mimi."

"Wewe nani?"

"Mumeo."

Nikacheka! Mungu anisamehe, nilicheka. "Mbona unaipigia namba yako mwenyewe?"

"Yako siijui kwa kichwa. Hii ndiyo pekee ninayoikumbuka." Akavuta pumzi. "Niko Chumba cha Utulivu. Nimejifungia. Mikono imekufa ganzi, kifua kimebana. Nadhani nakufa. Usiwaambie walimu, kuna vipindi."

Kisu kilianguka. Nikataka kumwambia avute pumzi kwa hesabu, zile hesabu zote zikanitoka. Nikamuuliza simu ni ya nani. Ya mlinzi, alimdanganya kwamba anataka kumwita fundi bomba. Hata kufa angekufa kwa kificho!

"Usikate," nikasema. "Nakuja. Usikate."

Nilitoka na kandambili, moja ikachukuliwa na maji hapo hapo mlangoni. Sikujua niseme nini, basi nikamsimulia njia. Nikamwambia: nimepita kwa fundi viatu, amefunga. Sasa niko kwenye kona ya duka la dawa, kuna mtu amebeba jokofu kichwani, wallahi, kwenye mvua hii. Sasa napita kwenye mti ulioanguka, gauni limenasa, limechanika, ndilo lile la kijani, usijali. Yeye alikuwa anasema "ndiyo" tu. Ndiyo. Ndiyo. Kila akisema nilijua yuko hai. Nilipouona ukuta wa shule nikamwambia, "Sasa naisoma namba yako. Tarakimu ya mwisho imeanza kutoka rangi." Nikamsikia anatoa sauti, sijui kilio au kicheko.

Nikagonga. "Ni mimi. Fungua."

Ufunguo ulichukua muda mrefu kuingia. Alikuwa sakafuni chini ya mapazia yangu, shati limelowa jasho, uso rangi ya jivu. Viti vyote vilikuwa vitupu, yeye amekaa chini. Nikamkumbatia nikiwa nimelowa chapachapa. Nilihisi moyo wake unagonga kama mtu anayetaka kufunguliwa.

"Nimechafua ratiba," akasema.

Mlinzi akaita teksi. Mkuu akatokea kwenye korido, miwani inaning'inia. "Kuna nini? Makamu, wazazi wa kidato cha nne wanakusubiri ofisini."

"Watasubiri," nikasema. Sijawahi kumjibu mtu mzima hivyo maishani mwangu.

Hospitali wamempima kila kitu. Daktari, dada mdogo kuliko mimi, amesema moyo ni mzima. Mwili umebebeshwa hofu na uchovu mpaka umegoma. Amemwandikia mapumziko ya wiki mbili, na kila wiki akaonane na mshauri wa hospitali, si kwa kupenda, kwa maagizo.

"Wiki mbili haiwezekani," mume wangu akasema.

"Mke wako yupo?" daktari akauliza, nimesimama hapo hapo nikichuruzika maji. "Vizuri. Nitaongea naye yeye."

Ijumaa, 5 Julai

Amelala. Simu nimeizima. Ndege wanalia huko nje, sikujua tuna ndege.

Jumatatu, 8 Julai

Mkuu amekuja na machungwa na, eti, maswali mawili matatu tu. Ratiba ya mitihani iko wapi? Nani atafungua Chumba cha Utulivu? Kikao cha Alhamisi kitaendeshwa na nani?

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba, mwanangu. Ni dakika moja tu, niamshie."

"Amelala, mama. Simwamshi."

"Dakika moja."

Nilikuwa nimejaa mpaka hapa shingoni. Nikamwambia kwa adabu yote niliyobakiza: "Mama, mmempeleka akajifunze kuwapumzisha watu, akarudi akawapumzisha wote, akaanguka yeye. Na bado mnataka aamke awaonyeshe ufunguo. Huyu ni mume wangu. Fungate bado hatujala."

Nikangoja anifokee. Hakunifokea. Akavua miwani, akaketi kwenye kiti changu cha cherehani. Bila miwani alikuwa kama mama wa mtu yeyote.

"Mafunzo yale nilipaswa kwenda mimi," akasema. "Nilimtuma yeye kwa sababu mimi sikuwa na nguvu za kukaa hata kwenye kiti nikasikiliza. Tangu mzee wangu afariki silali vizuri." Akasugua macho. "Kila asubuhi nafika na gari, naegesha mbele ya ule ukuta, naisoma ile namba. Nimetamani kupiga mara nyingi. Nitampigiaje msaidizi wangu? Nitaanzaje kumwambia kazi baada ya hapo?"

Miezi miwili nimemchukia mama huyu kwa moyo mmoja, kumbe naye alikuwa anakaa peke yake ndani ya gari akisoma namba ya mume wangu. Nikamenya machungwa. Tumeyala yote, mgonjwa hakuachiwa hata moja.

Alhamisi, 11 Julai

Mkuu amekifuta kikao cha Alhamisi. Wifi anasema kelele za furaha za walimu zilisikika hadi sokoni.

Jumatatu, 15 Julai

Mwalimu wa kemia na wa baiolojia wamekuja pamoja kumjulia hali! Wamesema Mkuu aliwaita watu wote, wapishi na walinzi wakiwemo, akawaeleza habari zake mwenyewe, hata kulia akalia kidogo. Kisha akauliza nani anaweza kusikiliza wenzake, siku gani na hadi saa ngapi. Wamejitokeza wengi. Simu ni ya shule, inazimwa jioni, na akipiga mtu usiku sauti inamtajia namba ya hospitali. Chumba cha Utulivu hakifungwi tena.

"Na viti?" mume wangu akauliza kitandani.

"Kimoja kimeshaibiwa," akasema wa kemia. "Tumevumilia."

Fundi rangi anakuja kesho kuifuta namba ukutani. Mume wangu amegeukia ukutani. Nilidhani amekasirika, kumbe analia, na mara hii hakwenda barazani.

Ijumaa, 19 Julai

Amerudi mafunzoni kwa siku moja. Na nilijua! Nilijua nilipomwona anavyotembea! Ofisi ya elimu imesikia habari ya shule yao na imefurahi sana. Wanataka awe mratibu wa ustawi wa shule zote za wilaya, huku akiendelea na umakamu. Jibu Ijumaa ijayo, siku ya kuhitimu.

"Umewaambia nini?"

"Nitafikiria."

Macho yalikuwa yanang'aa kama siku ile ya vitunguu. Nimekwenda kushona. Nimeshona pindo la pazia mpaka nikajishonea kidole. Nimeapa kwamba sitamwambia neno hata moja. Akisema ndiyo, itakuwa ndiyo yake, na mimi nitakuwa mke anayejua njia ya kwenda hospitali.

Jumatano, 24 Julai

Sijasema neno. Ulimi una malengelenge.

Ijumaa, 26 Julai

Ameingia na cheti, viatu vina matope, akasimama mlangoni kama mgeni.

"Nimekataa," akasema.

Nikakaa chini palepale.

"Waliniita mbele. Watu wakapiga makofi kabla sijajibu. Nikasimama nikasema 'Ndi...', neno likakwama. Nikarudi kukaa. Nikasimama tena, nikasema: nashukuru, hapana, sitaweza." Akafuta uso. "Hakuna aliyepiga makofi tena. Nilitaka kuomba radhi. Halafu wakati wa chai wakuu wa shule wakaanza kunijia mmoja mmoja, kwa chinichini. Nilidhani wananishangaa. Kumbe wanataka kujua nimelisemaje. Mzee mmoja, mkuu wa shule ya wavulana, alinirudishia mara tatu: 'Nashukuru, hapana. Nashukuru, hapana.' Kama mtu anayejifunza lugha."

"Na Mama Pumua?"

"Alikuwa anakula keki. Aliniongezea kipande."

Sitaandika yaliyofuata. Wifi anaweza kulipata daftari hili.

Jumapili, 28 Julai

Likizo! Mvua imeisha, mashuka yote yako kwenye kamba, mume wangu yuko nyumbani tangu juzi mchana, na fungate ni kesho kutwa.

Yuko nyumbani, naam. Amevipanga vikombe vyangu kwa ukubwa. Amenionyesha namna bora ya kuanika mashuka, mimi ninayekula kwa kuuza vitambaa. Amekagua kabati la viungo akaniuliza nani anahusika na chumvi. Nimemwambia: mpenzi, kazi yako leo ni kukaa. Akauliza akae wapi, kwa utaratibu gani, na hadi saa ngapi. Nimemshika mkono nikamkalisha kwenye kiti cha dirishani, na kabla sijamaliza kumfokea alikuwa ameshalala, mdomo wazi, shingo yake ndefu imeangukia begani, mzuri hadi inaudhi.

Ee Mungu, nilikuomba unirudishie mume, umenirudishia na makamu mkuu ndani yake. Nimeufunga mlango taratibu na kurudi jikoni kuvipanga vikombe nilivyovizoea mimi.